Jina Daniel: Kutoka Lango la Kanaani hadi Mahakama ya Buffalo

Mwezi Agosti mwaka 1851, katika mji wa Buffalo ulioko kwenye ufuko wa Ziwa Erie, kaskazini mwa Marekani, mpishi mmoja wa meli ya mvuke alifikishwa mbele ya kamishna wa serikali kuu akiwa na majeraha ya kipigo na ya moto. Meli aliyokuwa akiitumikia iliitwa Buckeye State. Aliyemkamata, Benjamin Rust, alikuwa ametumwa kutoka mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky, kumrudisha kwa mtu aliyedai kuwa ndiye mmiliki wake. Mpishi huyo aliitwa apande kutoka chini ya meli, na alipoinua uso kuona anatakiwa kwa jambo gani, alipigwa kichwani kwa kipande cha kuni, akaangukia jiko lililokuwa likiwaka. Jina lake lilikuwa Daniel.

Kwa Kiebrania jina hilo hufasiriwa kuwa "Mungu ndiye hakimu wangu". Lakini mbele ya kamishna wa Buffalo, mwenye jina hilo hakuwa na haki ya kusema hata neno moja la kujitetea. Sheria ya kuwarudisha watumwa watoro, iliyotiwa saini tarehe 18 Septemba 1850, ilikataza ushahidi wa mtu anayedaiwa kuwa mtumwa. Haikuruhusu baraza la wazee wa mahakama. Zaidi ya hayo, ilimlipa kamishna dola 10 iwapo angeamua mtu huyo arudishwe utumwani, na dola 5 tu iwapo angeamua aachiliwe. Wateteaji wa sheria hiyo walisema tofauti hiyo ilitokana na wingi wa karatasi za kuandika. Rais aliyeitia saini, Millard Fillmore, alikuwa mwanasheria wa Buffalo hiyo hiyo.

Kamishna Henry K. Smith aliamua kwamba Daniel akabidhiwe kwa Rust.

Kabla ya kueleza yaliyofuata, inafaa kulitazama jina lenyewe, kwa sababu historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Wanaomfahamu Danieli wa Biblia, aliyetupwa katika tundu la simba, humhesabu kuwa mtu wa Babeli, wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Jina lake lina umri mkubwa zaidi, na chimbuko lake halipo Babeli. Lipo katika nchi za pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati, katika ulimwengu wa Wakanaani.

Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na mzizi wa herufi tatu, d-y-n, wenye maana ya kuhukumu, kuamua shauri. Mzizi huo umeenea katika lugha za Kisemiti. Mmoja wa wana wa Yakobo aliitwa Dani, na kitabu cha Mwanzo chenyewe kinalihusisha jina lake na hukumu. Binti yake Yakobo aliitwa Dina. Msemaji wa Kiswahili naye si mgeni kabisa na mzizi huu. Neno "deni" limetujia kutoka Kiarabu, na herufi zake ni hizo hizo. Neno "dini", ingawa baadhi ya wataalamu huona limepitia pia Kiajemi, katika Kiarabu hubeba pia maana ya hukumu na malipo. Ndiyo sababu Siku ya Kiyama huitwa siku ya dini. Hata jina la mji wa Madina hurudishwa na wataalamu kwenye neno la Kiaramu lililokuwa na maana ya eneo lililo chini ya hakimu mmoja. Kwa hiyo mtu wa Unguja au Mombasa anayetaja dini, deni na Madina katika mazungumzo ya jioni moja amekwisha kugusa nusu ya jina la Danieli mara tatu bila kujua.

Sehemu ya pili ni El. Hapa ndipo Kanaani inapojitokeza wazi. El ni neno la kale la Kisemiti lenye maana ya mungu, na ni ndugu wa "ilahi" ya Kiarabu. Lakini miongoni mwa watu wa Kanaani na jirani zao, El lilikuwa pia jina la pekee, jina la mungu mkuu, mzee wa baraza la miungu, aliyesifiwa kwa huruma na hekima. Waisraeli waliishi katikati ya watu hao na lugha yao ilikuwa tawi la lugha za Kanaani. Walilitumia neno El kwa Mungu wao mmoja, na likabaki katika majina yao: Samueli, Mikaeli, Ezekieli, Ismaili, na jina la taifa lenyewe, Israeli.

Si kila jina la Kanaani lilipokewa hivyo. Mwana wa mfalme Sauli aliitwa Eshbaali, jina lenye kumtaja Baali, mungu wa mvua na dhoruba. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kimelihifadhi. Kitabu cha Samweli kinamwita Ishboshethi, na "bosheti" ni aibu. Wataalamu wengi wanaona kwamba waandishi wa baadaye hawakutaka hata kulitamka jina la Baali, wakaweka aibu mahali pake. El hakupatwa na hayo. Baali alitengwa na kulaaniwa. El alimezwa polepole ndani ya imani mpya, hata watu wakasahau kwamba liliwahi kuwa jina la mungu wa jirani.

Kiungo cha i katikati ya jina kimezua mjadala. Wako wanaokisoma kuwa ni alama ya umilikaji, na hapo jina huwa "hakimu wangu ni El". Wengine wanakiona kuwa ni irabu ya kale ya kuunganisha maneno tu, na hapo jina husomeka "El amehukumu" au "El ni hakimu". Kwa mzazi aliyemwita mtoto wake hivyo pengine tofauti haikuwa kubwa.

Ushahidi wa ukale wa jina hili ulifukuliwa kwa bahati. Mwaka 1928, mkulima mmoja karibu na mji wa Latakia katika pwani ya Syria alikuwa akilima, na jembe lake la kukokotwa likagonga jiwe la kaburi la kale. Mwaka uliofuata wachimbaji wa mambo ya kale wa Ufaransa wakiongozwa na Claude Schaeffer walianza kazi katika kilima cha jirani kiitwacho Ras Shamra. Chini yake palikuwa na Ugarit, mji wa biashara ulioangamia mwanzoni mwa karne ya 12 kabla ya Kristo. Vilipatikana vibao vya udongo vyenye mwandiko wa alama za umbo la kabari, lakini alama hizo zilikuwa 30 tu. Hazikuwa mamia kama za Babeli. Ilikuwa ni alfabeti. Hans Bauer wa Ujerumani, pamoja na Charles Virolleaud na Édouard Dhorme wa Ufaransa, waliweza kuisoma katika muda wa mwaka mmoja hivi tangu kupatikana kwake, jambo la nadra sana katika elimu hiyo.

Ni kweli kwamba watu wa Ugarit wenyewe hawakujiita Wakanaani. Katika moja ya orodha zao, Mkanaani anatajwa kama mgeni kutoka nje. Hata hivyo lugha yao ni jamaa ya karibu ya lugha za Kanaani, na miungu yao ni ile ile ambayo Biblia inaitaja inapowasema Wakanaani. Kwa hiyo hakuna dirisha bora la kuutazama ulimwengu huo kuliko vibao vya Ras Shamra.

Vitatu miongoni mwa vibao hivyo, ambavyo Virolleaud alivitangaza mwaka 1936, vinasimulia habari za mtu aitwaye Danel. Jina lake limeandikwa kwa alama nne tu: d, n, i, l. Danel ni mzee mwenye heshima asiye na mtoto wa kiume. Kwa siku saba anatoa sadaka na kulala mahali patakatifu, mpaka Baali anamwombea kwa El, na El anambariki. Anazaliwa Aqhat. Kijana anapokua, mungu fundi anamletea baba yake upinde wa ajabu, na Danel anampa mwanawe. Mungu wa kike Anat anautamani upinde huo. Anamwahidi Aqhat fedha na dhahabu, kisha uhai usio na mwisho. Aqhat anakataa, tena kwa ufidhuli: anamwambia kuwa uzima wa milele ni uongo kwa mwanadamu na kwamba upinde si chombo cha wanawake. Anat anamtuma muuaji. Aqhat anakufa, mvua zinakatika, na Danel anaomboleza kwa miaka saba. Mwishowe binti yake, Pughat, anajipamba, anaficha silaha ndani ya nguo, na kwenda kwenye hema la muuaji wa kaka yake. Anamnywesha divai. Hapo kibao kimevunjika, na mwisho wa hadithi haujapatikana hadi leo.

Lakini kuna jambo dogo katika hadithi hiyo linalopita yote kwa umuhimu kwa habari ya jina hili. Msimuliaji anapotaka kumwonyesha Danel katika shughuli yake ya kila siku, hamweki vitani wala mezani kwa karamu. Anamweka langoni, mbele ya uwanja wa kupuria nafaka, pamoja na wakuu wa mji, akisikiliza shauri la mjane na kuamua haki ya yatima. Lango la mji ndilo lililokuwa mahakama ya nyakati hizo. Danel anafanya kile ambacho jina lake linakitaja, na anakifanya kwa ajili ya wale ambao hawana mtu wa kuwasemea.

Kugunduliwa kwa vibao hivyo kuliwafanya wataalamu wa Biblia wakisome upya kitabu cha Ezekieli. Katika sura ya 14, nabii huyo anawataja watu watatu wa mfano kwa uadilifu: Nuhu, Danieli na Ayubu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Danieli huyo ni yule wa tundu la simba. Tatizo ni kwamba Danieli wa Babeli angekuwa kijana wa rika la chini kwa Ezekieli, ilhali Nuhu na Ayubu ni watu wa zamani sana, tena si Waisraeli. Zaidi ya hayo, Ezekieli analiandika jina hilo bila herufi ya y katikati, yaani kwa namna inayolingana na Danel wa Ugarit. Na katika sura ya 28, anapomkejeli mtawala wa Tiro kwa kujiona mwenye hekima kumpita Danieli, anazungumza na mtu wa pwani ile ile ya Kanaani, ambaye bila shaka angewajua wazee wa hadithi za kwao. Wataalamu wengi wamekubali kuwa Ezekieli alimkusudia mzee wa kale. Wako wanaopinga, wakisema nabii aliyezichukia sanamu kiasi kile asingemsifu mtu aliyetoa sadaka kwa Baali. Hoja yao ina uzito, ingawa haijibu swali la tahajia wala la Tiro.

Kitabu cha Danieli chenyewe, ambacho wataalamu wengi wanaamini kilifikia umbo lake la sasa karibu mwaka 165 kabla ya Kristo, kinaongeza jambo lingine. Vijana wa Kiyahudi wanapofikishwa katika jumba la mfalme wa Babeli, kitu cha kwanza wanachonyang'anywa ni majina. Danieli anaitwa Belteshaza. Jina lenye El linafutwa, linawekwa la Kibabeli. Msimulizi hata hivyo anaendelea kumwita Danieli mpaka mwisho wa kitabu. Na katika hadithi ya Susana, iliyomo katika Biblia ya Kigiriki na ya Kikatoliki, ni kijana Danieli anayesimama kuwapinga wazee wawili waliomsingizia mwanamke na kutaka auawe. Kutokana na hadithi hiyo Danieli akawa, huko Ulaya, mfano wa hakimu mwenye busara. Wasomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, wanaijua mandhari ya mahakama ambamo Shylock anamsifu hakimu kwa kumwita Danieli, na muda si mrefu jina hilo hilo linageuzwa kuwa mzaha dhidi yake.

Kunyang'anywa jina halikuwa jambo geni katika Buffalo ya karne ya 19. Barabara kuu ya mji huo, Main Street, ndiyo inayogawa upande wa magharibi na upande wa mashariki, ule uitwao East Side. Mashariki ya barabara hiyo, kuzunguka mtaa wa Michigan, ndiko walikoishi wengi wa watu weusi wa mji, baadhi yao wakiwa wamezaliwa huru na wengine wakiwa wametoroka kutoka majimbo ya kusini. Ng'ambo ya mto Niagara ilikuwa Kanada, ambako sheria ya utumwa haikufika. Kazi ya melini ilikuwa miongoni mwa chache zilizowapokea. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo, William Wells Brown, alizaliwa mtumwa Kentucky. Alipokuwa mtoto alilazimishwa kuacha jina la William kwa sababu kijana mmoja wa ukoo wa bwana wake aliitwa hivyo. Akaitwa Sandford, na alichapwa kwa kulishikilia jina lake la awali. Alipotoroka, alijirudishia jina hilo kabla ya kupata hata viatu, na akaongeza la Wells Brown, mzee wa madhehebu ya Quaker aliyempa hifadhi. Ameandika kwamba katika mwaka 1842 peke yake aliwavusha watoro 69 hadi Kanada.

Katika mtaa huo wa Michigan lilijengwa kanisa la Wabaptisti, kati ya 1845 na 1849, na mchungaji wake, Samuel H. Davis, aliyekuwa pia fundi mwashi, alishiriki kulijenga kwa mikono yake. Jengo hilo bado limesimama. Ni mchungaji huyo, ambaye jina lake nalo linabeba El, aliyehutubia mkutano wa taifa wa raia weusi uliofanyika Buffalo mwaka 1843, akisisitiza kuwa watu weusi hawana budi kulisemea shauri lao wenyewe. Miaka minane baadaye, mpishi wa Buckeye State aliketi mahali ambapo kulisemea shauri lake mwenyewe kulikatazwa na sheria.

Majina ya Biblia yalikuwa ya kawaida kwa watumwa, na wakati mwingine yalitoka kwa mabwana zao. Lakini waliopewa majina hayo walizijua pia hadithi zake. Nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi zinamtaja Danieli mara nyingi, si kwa ajili ya ndoto na tafsiri zake bali kwa sababu alitupwa tunduni akatoka salama. Afrika Mashariki jina hilo lilikuja kwa njia mbili. Waislamu walimjua Nabii Danyali kwa mapokeo, ingawa Qurani haimtaji, na kaburi linalosemekana kuwa lake hutembelewa mjini Susa, Iran. Wakristo walilipata kwa ubatizo wa misheni. Ndivyo kijana Toroitich wa Baringo, ambaye baadaye aliitawala Kenya kuanzia 1978 hadi 2002, alivyokuja kuitwa Daniel arap Moi. Na tangu miaka ya 2000, wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia wamepewa makazi Buffalo, Columbus na Louisville, kwa hiyo jina hilo sasa husikika katika miji hiyo pia kwa matamshi ya Kiswahili, yenye i mwishoni.

Mawakili wa Daniel wa Buffalo hawakukubali uamuzi wa kamishna. Walipata amri ya kumfikisha mfungwa mbele ya jaji wa serikali kuu, Alfred Conkling, katika mji wa Auburn, yapata kilomita 200 mashariki ya Buffalo. Jaji huyo hakusema kwamba utumwa ni dhuluma, wala hakuibatilisha sheria. Alikisoma kifungu cha 10, ambacho watu wa Louisville walikuwa wamekitumia, akaamua kwamba kinawahusu wale tu waliotoroka baada ya sheria kupitishwa. Daniel alikuwa ameondoka mwezi Agosti 1850, wiki chache kabla ya saini ya Rais Fillmore. Kwa sababu ya wiki hizo, jaji alimwachilia.

Waliokuwa naye hawakungoja karatasi nyingine zitoke Kentucky. Walimwondoa upesi, wakamvusha hadi Kanada. Katika vitabu vya sheria vya Marekani kesi yake imeorodheshwa kwa jina la Davis, ubini ambao pia ulikuwa wa mchungaji wa mtaa wa Michigan. Magazeti na vijitabu vya wapinga utumwa vya wakati huo vilimwita Daniel tu, na mahali pa jina la pili vikaweka mstari mtupu.